Norjmaa na Koki ya Mwezi wa Tano

Simu ikilia kando ya sikio lake Norjmaa anaweza kuendelea kulala kama gogo, lakini pampu ikikohoa mara moja tu, yuko macho. Miaka thelathini na mitano ameishi na pampu hizo katika chumba cha mitambo cha mtaa wao, Ulaanbaatar, kijumba cha matofali kilichojibanza katikati ya nyumba nne za ghorofa tano walizojenga Warusi. Maji ya moto hutoka kwenye kiwanda cha umeme kwa bomba nene kama kiuno cha mtu, yakafika kwake, na yeye ndiye anayeyapeleka nyumbani kwa watu. Koki ya kuyafungulia ni kubwa, ya kuzungusha kwa mikono miwili. Watoto wa mtaa wanamwita Mama Joto. Wakubwa wakiwa na hasira wana majina mengine, na sitayataja hapa.

Ni kazi ya kusinziasinzia. Ukikaa kwenye kiti chake, mgongo ukauegemeza kwenye bomba lililofungwa matambara, joto linakuingia polepole mpaka hujui mwili wako unaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Hapo Norjmaa hujikuta yuko nyikani alikozaliwa, ndani ya hema la sufu la baba yake, moshi wa samadi unapanda, mama yake anachota chai ya chumvi kwa upawa na kuimwaga tena ipoe. Maji yanapopanda bombani huyasikia kama farasi wanaovuka mto, wengi, wasio na haraka. Macho yamefumba, ila masikio yanahesabu. Sijui kama huko ni kulala au ni kufanya kazi, na nadhani hata mwajiri wake hajui.

Njia ya maji hayo anaijua kama anavyojua njia ya kwenda kwao. Hupanda kwanza mpaka ghorofa ya juu kabisa, ndipo yashuke chumba kwa chumba, rejeta ya ukutani, chuma cha kupashia chumba, moja baada ya nyingine, yakipoa njiani. Kwa hiyo wa juu wanaiva na wa chini wanatetemeka. Koki za vyumbani hazipo, maana wa juu akifunga rejeta yake amewafungia wote walio chini yake. Basi katikati ya baridi kali, kipimajoto cha nje kikiwa kimezama, utawaona wa ghorofa ya tano wamefungua madirisha wanapunga hewa kwa magazeti, na wa ghorofa ya chini wanapanda ngazi na kofia zao za manyoya kwenda kuwatukana.

Sheria yenyewe ni fupi. Joto linafunguliwa tarehe kumi na tano mwezi wa tisa na kufungwa tarehe kumi na tano mwezi wa tano. Nje kuwe jua, kuwe theluji, kuwe mvua ya mawe, tarehe ni tarehe. Norjmaa aliipenda sheria hiyo kuliko watu wengine wanavyopenda dini zao. Hakuwahi kuiruka hata kwa nusu saa.

Mwaka huu, mwezi wa nne, ofisi ya joto iliita mkutano wa mtaa katika ukumbi wa shule. Alikuja mhandisi kijana aitwaye Sumiya, mpole, shati limenyooka, mikononi karatasi za rangi. Akaeleza kwamba mwezi wa tano wa sasa si ule wa zamani. Nchi imepata joto, na sheria haina budi kuandikwa upya. Tuache kalenda, akasema. Wastani wa joto la nje ukipanda siku tano mfululizo, tufunge. Ukishuka siku tano mfululizo, tufungue.

"Miaka mitatu sasa mwezi wa tano unafika nyuzi thelathini," alisema. "Jamani, tunawapasha moto watu wanaotoka jasho."

Norjmaa akasimama, ile simama yake ya kujishika kiuno.

"Mwanangu, hiyo karatasi yako imewahi kulala ghorofa ya chini?"

Ukumbi ukacheka. Sumiya naye akacheka, akakubali kwamba haijawahi.

"Basi iache ilale kwa Mzee Luvsan siku mbili tu. Ikiamka nzima, tutaongea."

"Na ije na blanketi lake!" akadakia Mzee Luvsan kutoka nyuma. Mzee huyo amekula chumvi nyingi na mdomo wake hauna breki. Anakaa ghorofa ya chini, kwenye kona inayotazama kaskazini, na kofia ya manyoya haivui hata akiwa mezani.

Mikono ikanyooshwa, na wengi wakaipinga sheria mpya. Norjmaa alirudi nyumbani ametulia moyo. Kiustaarabu alikuwa amemdhalilisha kijana wa watu, na sitaki kusema kwamba hakufurahia.

Lakini kisa chake hakikuwa ubishi mtupu. Mwaka ule wa dhiki, Warusi walipokwisha kuondoka na mkaa ukawa wa kugawiwa kama dawa, Norjmaa alikuwa na miaka ishirini na mmoja, ndiyo kwanza amezaa. Mtoto wa kiume. Walikaa ghorofa ya chini, kwenye kona ya kaskazini, chumba hichohicho ambacho leo ni cha Mzee Luvsan. Mwanzoni mwa mwezi wa tano jua liliwaka siku kadhaa, na mkubwa wake wa kazi, kwa kubana mkaa, akafunga koki kabla ya tarehe. Siku ya pili yake theluji ikaanguka. Kupata kibali cha kufungua tena kulichukua siku tatu za kupeleka barua huku na huku. Kuta zililoa. Norjmaa alimweka mtoto kifuani, ndani ya koti, mumewe akawazungushia ngozi za kondoo, na bado. Mtoto alishikwa na homa ya mapafu, akafa akiwa na siku kumi na sita.

Walibadilishana chumba na mtu wa ghorofa ya tano, mtu aliyechoka kuiva. Mzee Luvsan akahamia chini baadaye kidogo. Tangu hapo Norjmaa hakukanyaga ndani ya chumba kile. Akiitwa kutazama bomba aliishia mlangoni, akamtuma mwenzake. Na alipokuja kukabidhiwa koki yeye mwenyewe, alikula kiapo, kimoyomoyo, kwamba hakuna atakayefungiwa joto kabla ya siku yake.

Sasa tufike kwenye siku yenyewe, ya saba ya mwezi wa tano. Bintiye Uyanga alikuwa amejifungua siku tisa zilizopita. Mume wa Uyanga yuko Korea anafunga vyuma kiwandani, baba yake yuko barabarani na lori la mkaa, kwa hiyo malezi yote yalikuwa ya Norjmaa, na Norjmaa aliyaendesha kama alivyoendeshewa na mama yake: mzazi haguswi na upepo. Madirisha yamefungwa. Soksi za sufu ya ngamia, kitambaa kichwani mpaka masikioni, mikono isiguse maji ya baridi, supu ya kondoo asubuhi, mchana na jioni. Mtoto amefungwa kwenye blanketi lake, mikono imenyooshwa, kamba imezungushwa mara tatu. Na siku ishirini na moja hakuna kutoka mlangoni.

"Mama, nitayeyuka," alisema Uyanga asubuhi ile.

"Yeyuka. Mimi baridi imeniumiza mifupa mpaka leo kwa sababu nilivua soksi."

"Nje watu wamevaa fulana, Mama! Nimewaona."

"Hao hawajazaa."

Akaenda zake kazini. Nje kulikuwa nyuzi thelathini na moja. Chumba cha mitambo kilikuwa kimejaa joto zito la usingizi, na Norjmaa akakaa, akaegemea, akasikia farasi wake wakivuka. Ila siku hiyo mto haukuwa na maji. Aliwaona farasi wamesimama kwenye mchanga mweupe, midomo wazi, wanamtazama yeye. Akagutuka. Pampu zilikuwa zinavuma vilevile, hazina neno. Akatazama kupitia kidirisha, akaona mbingu imekuwa ya manjano. Tufani ya vumbi ilikuwa imeshuka kutoka kusini, na nyumba ya nne haionekani. Akachukua chupa yake ya supu akakimbia nyumbani, kitambaa amekifunga mdomoni, mchanga unamchoma macho.

Chumbani, ghorofa ya tano, hewa ilikuwa nzito kama ya ndani ya sufuria. Rejeta zilikuwa hazishikiki. Uyanga alikuwa ameketi kitandani, uso umeiva, anajaribu kumnyonyesha mtoto, na mtoto hanyonyi.

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu ulipoondoka. Nilidhani amelala. Mama, amelala, si ndiyo?"

Norjmaa akamgusa mtoto shavuni. Ngozi ilikuwa kavu na inachoma, na alipomfinya kidogo kisigino hakulia, alifungua mdomo tu na sauti haikutoka. Akafungua dirisha: vumbi likaingia lote, la moto na la manjano, mtoto akapaliwa. Akalifunga. Akampigia simu daktari wa mtaa, Daktari Oyun, mwanamke asiyependa maneno mengi.

"Mvueni nguo zote," alisema Oyun. "Mpelekeni mahali pa baridi, sasa hivi, msinisubiri. Mama aendelee kumpa ziwa. Nakuja kwa miguu."

Mahali pa baridi. Norjmaa alisimama katikati ya chumba na simu mkononi. Majirani wa ghorofa ya tano wote wanaiva kama yeye. Wa nne vivyo hivyo. Nje ni vumbi tupu. Katika nyumba nzima mahali pa baridi palikuwa pamoja tu, na hakuna mtu aliyepajua kuliko yeye. Alijisikia kulia, kilio cha zamani ambacho alidhani kimekwisha.

"Vaa viatu," akamwambia Uyanga.

"Siku ishirini na moja hazijaisha. Wewe mwenyewe ulisema..."

"Nilisema. Shika ukuta usianguke, twende."

Akaifungua kamba, mara tatu. Akambeba mtoto mtupu katika shuka moja nyepesi. Waliposhuka ngazi joto likawa linawaachia kidogo kidogo kila ghorofa, kama wanavuliwa nguo na mtu asiyeonekana. Ghorofa ya tatu Norjmaa alihisi jasho limepoa mgongoni. Ghorofa ya chini alihisi ile harufu, ya chokaa iliyoloa, na miguu ikawa mizito kama iko ndotoni, unakimbia na husogei. Akaugonga mlango kwa goti.

Mzee Luvsan akafungua, kofia kichwani.

"Kuna nini, mbona unahema hivyo? Kuna moto?"

"Mzee, chumba chako ni cha baridi?"

"Miaka thelathini nakwambia ni cha baridi, leo ndiyo unauliza?"

Kisha akamwona mtoto, na kwa mara ya kwanza mdomo wake ukapata breki. Akasogea. Norjmaa akavuka kizingiti. Kitanda cha mzee kilikuwa palepale kilipokuwa chake, kichwa kwenye ukuta wa kaskazini, kwa sababu chumba hakina mahali pengine pa kitanda. Akamlaza mtoto hapo, kwenye ubaridi uleule. Uyanga akakaa kando, akavua kitambaa cha kichwa bila kuomba ruhusa, akachovya ncha yake kwenye maji aliyoletewa na mzee na kumfuta mtoto kwapani na shingoni.

Daktari Oyun aliingia na vumbi kwenye nyusi. Kipimajoto kilisoma thelathini na tisa na nusu. "Joto lake likishuka ndani ya saa moja, mtabaki," alisema. "Lisiposhuka, tunakwenda hospitali, vumbi au si vumbi. Na huko juu kwenu asirudi, joto lile likiwa bado lipo. Kwingine mna watoto wachanga?"

Norjmaa alijua. Katika nyumba zake nne walikuwapo watoto wachanga sita, watatu ghorofa za juu. Na vibibi na vibabu, wasiohesabika, wamefunga madirisha kwa ajili ya vumbi, na maji yake yanawapikia ndani. Zilibaki siku nane kufika tarehe kumi na tano.

"Naenda kufunga," akasema.

"Utamwaga unga, Mama," alisema Uyanga. "Umebakiza miezi minne ustaafu."

Norjmaa alikuwa anamtazama Mzee Luvsan, kwa sababu kiapo chake, ingawa mzee hakukijua, kilikuwa kwa ajili ya mtu yeyote atakayelala kwenye kona ile.

"Mzee, nikifunga, wewe ndiye utakayeumia. Theluji inaweza kuja kesho. Utapata baridi."

Mzee Luvsan akamtazama kama mtu anayetazama mwehu.

"Binti yangu, na koki yako ikiwa wazi nimekaa na kofia miaka thelathini. Ikifungwa itanifanya nini, itanivua?"

Hakukusudia kumuumiza. Alikuwa anatania tu kama kawaida yake. Lakini Norjmaa alisimama pale mlangoni, akatazama rejeta ya mzee, akaenda akaweka kiganja juu yake, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu alipohama humo. Ilikuwa vuguvugu, kama chai iliyosahauliwa. Siku zote zile za tarehe, uaminifu wote ule, na joto lenyewe lilikuwa halijawahi kufika.

Akaenda. Njia nzima hakuiona; alikwenda ndani ya ile manjano kwa kusikia pampu tu, akaikuta koki kwa mikono, akaizungusha. Ni mizunguko ishirini na miwili. Alipomaliza, farasi wote walikuwa wamesimama, na kimya kilichobaki kilimtisha mpaka akakaa chini sakafuni.

Saa ilikuwa haijaisha aliporudi. Alimsikia mtoto tangu mlango wa nje, analia kilio cha hasira, cha mtu mwenye njaa na haki zake. Thelathini na nane. Baadaye thelathini na saba na nusu, na ziwa mdomoni. Norjmaa aliketi kwenye kitanda cha mzee akalia bila kujificha, na Mzee Luvsan akamletea chai na kulalamika kwamba sasa wanawake wanamlowanishia shuka.

Theluji haikuja kesho yake. Ilikuja siku ya tatu, mapema, pana na laini kama manyoya ya kuku, juu ya vumbi lile. Norjmaa hakuandika barua. Alipita kwanza kwa Mzee Luvsan akagusa ukuta, akaingia na kwa wengine wawili wa chini, akaenda kufungua koki. Mchana jua lilipotoka akapanda ghorofa za juu akagusa watoto, akashuka kuifunga nusu. Siku zilizofuata alikwenda hivyohivyo, ngazi kwa ngazi, magoti yanamlilia, na watu wakazoea kumwona anaingia bila hodi, anaweka mkono ukutani, anatoka. Makosa hayo yote ofisi iliyahesabu. Alipata barua ya kuitwa kujieleza mbele ya mkutano wa mwisho wa mwezi, ambao pia ulikuwa wa kujadili sheria mpya mara ya pili.

Ukumbi ulijaa. Mkubwa mmoja wa ofisi, aliyekaa katikati ya meza, akamuuliza alifunga kwa amri ya nani.

"Ya nani? Hakuna."

"Na kufungua tena?"

"Hakuna vilevile."

"Mama," Sumiya akaingilia, kwa upole uleule, nadhani alitaka kumwokoa, "kwa hiyo sasa unakubaliana na sisi? Mwezi wa nne ulitupinga hapahapa. Kalenda tuiache, tufuate kipimajoto: siku tano mfululizo za joto, tunafunga. Siku tano za baridi, tunafungua. Ungekuwa na sheria hii, usingehitaji amri ya mtu."

Watu wakageuka kumtazama. Norjmaa akasimama. Safari hii hakujishika kiuno. Mikono hakujua aiweke wapi.

"Kalenda nilikosea," alisema. "Nimewaambia uongo miaka yote kwamba inawalinda wa chini. Mzee Luvsan ni shahidi, haikumlinda. Niandikeni hivyo." Akamgeukia Sumiya. "Lakini mwanangu wa kwanza aliishi siku kumi na sita. Mjukuu wangu, siku ile nilipofunga, alikuwa na siku tisa. Hizo tano zenu za kungojea, mnazitoa kwenye umri wa nani?"

Mkubwa wa meza aliangalia mikono yake. Sumiya alichukua kalamu, akalikata neno tano kwenye karatasi yake, akabaki ameishika kalamu juu ya nafasi ile, haandiki.